Kadi ya grafiki imechoka kwenye kompyuta ya ofisi ya shamba? Pima kwanza, ndipo ununue

Wiki iliyopita niliahidi kuendelea na somo la kupogoa miparachichi. Naomba mnivumilie, somo hilo linakuja. Leo nataka tuongee kuhusu kompyuta, tena ile ya mezani, ya mtumba, iliyokaa kwenye kona ya ofisi ya kikundi karibu na mifuko ya mbolea. Najua kuna atakayeuliza, bwana shamba na kompyuta wapi na wapi? Subiri nikusimulie.

Kikundi kimoja cha vijana ninachokihudumia hapa Njombe kinalima parachichi za kuuza nje. Ukilima kwa soko hilo unajua habari ya GLOBALG.A.P.: mkaguzi akija anataka kuona kumbukumbu. Umepulizia dawa gani, lini, kipimo gani, nani alipulizia, ulisubiri siku ngapi kabla ya kuvuna. Kumbukumbu za misimu miwili za wanachama wote zilikuwa ndani ya kompyuta moja, na siku nane kabla ya ukaguzi katibu akanipigia simu: "Bwana shamba, skrini imejaa mistari ya rangi rangi, halafu imekuwa nyeusi kabisa. Tunafanyaje?"

Nilichofanya baada ya simu hiyo ni kosa, na nimeandika makala hii ili ninyi msilirudie.

Kadi ya grafiki ni kitu gani?

Kwa lugha nyepesi, ni kile kifaa ndani ya kompyuta kinachotengeneza picha unayoiona kwenye skrini. Kompyuta nyingi za ofisi zina uwezo huo ndani ya prosesa yenyewe, hazihitaji kadi ya pembeni. Nyingine zimechomekewa kadi ya ziada kwenye madabodi, yenye feni yake ndogo na soketi zake za kuchomeka skrini kwa nyuma.

Kompyuta ya kikundi ni Dell OptiPlex 7010, lile umbo dogo jembamba. Ni mashine ya mwaka 2012. Aliyekuwa nayo kabla yetu aliichomekea kadi ya GeForce 210, ambayo ni ya mwaka 2009. Kadi hiyo ilikuwa nzuri kwa zama zake, lakini draiva yake ya mwisho kwa Windows ilitoka mwaka 2016. Maana yake hata ikiwa nzima, programu mpya zinaikataa au zinaenda kwa kusuasua.

Kosa langu

Nilisikia "skrini nyeusi" nikaamua papo hapo kwamba kadi imekufa na inatakiwa nyingine. Sikupima chochote. Nikachukua hela ya kikundi, shilingi laki moja na themanini, nikapanda gari kwenda mjini. Muuzaji wa vifaa vya mtumba akanionyesha GTX 760. "Hii ni kali, bosi, inacheza kila kitu." Kubwa, feni mbili, inang'aa. Nikalipa, nikaondoka nimeikumbatia kama mtoto.

Nilipofungua kompyuta nikachoka. Kwanza kadi ilikuwa ndefu kwenda juu kuliko boksi lenyewe, kava lisingefunga. Pili ilikuwa nene, inakula nafasi ya kadi mbili. Tatu, ilikuwa na sehemu mbili za kuchomekea waya za umeme wa ziada, na ndani ya mashine ile hakuna hata waya mmoja wa aina hiyo. Baadaye nikasoma kwamba GTX 760 inaweza kula umeme hadi wati 170, na mtengenezaji anashauri powasaplai ya wati 500. Powasaplai yetu ni ya wati 240, kwa mashine nzima!

Ni sawasawa na kumfungia ng'ombe mmoja plau la trekta. Plau halina kosa, na ng'ombe hana kosa. Mwenye kosa ni aliyewakutanisha.

Nilirudi kwa muuzaji. Akasema mali ikishatoka dukani hairudi. Siku nne zilikuwa zimepita, hela ya kikundi imeliwa, kumbukumbu zimefungiwa ndani ya mashine isiyoonyesha kitu, na mkaguzi yuko njiani. Katibu hakunigombeza. Aliniangalia tu. Wanaofanya kazi na wakulima wanajua kwamba hapo ni pabaya zaidi ya kugombezwa.

Fundi alifanya nini?

Nikaibeba mashine hadi kwa fundi mmoja mzee. Nikamwamkia, nikamweleza yote. Akafungua kava, akachomoa ile kadi ya zamani, akaiweka pembeni. Halafu akachukua waya wa skrini, akauchomeka kwenye soketi ya VGA iliyo kwenye madabodi yenyewe. Akawasha. Picha ikaja, safi kabisa.

"Kijana," akaniambia, "prosesa yako ina grafiki ndani yake. Mlikuwa mnahangaika na nini?"

Siku nne, laki moja na themanini, na jibu lilikuwa dakika tano. Usiku ule ule tulinakili kumbukumbu zote kwenye flashi mbili, tukachapa fomu za dawa, na ukaguzi ukafanyika kwa tarehe yake. Ile hela niliirudisha kikundini kutoka mfukoni kwangu, kwa awamu mbili.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe.

Hatua ya 1: Okoa kumbukumbu kabla ya kugusa kitu

Kama kompyuta bado inawaka, hata kwa kusuasua, nakili kwanza mafaili yako kwenye flashi au diski ya nje, na nakala nyingine uitunze nyumba tofauti na ofisi. Kama skrini ni nyeusi, usikate tamaa. Kadi ya grafiki ikifa haifuti mafaili, kwa sababu mafaili yanakaa kwenye diski. Kadi mpya ya grafiki unaweza kununua wakati wowote. Kumbukumbu za dawa za misimu miwili haziuzwi duka lolote.

Hatua ya 2: Hakikisha mgonjwa ni nani

Huwa nawaambia, jani kuwa la njano si lazima iwe upungufu wa naitrojeni. Inaweza kuwa maji yametuama, inaweza kuwa mizizi inaoza. Skrini nayo ni hivyo hivyo. Pima kwa mpangilio huu:

1. Badilisha waya wa skrini, au chomeka skrini hiyo kwenye kompyuta nyingine. Waya uliolegea umewauzia watu kadi nyingi tu.
2. Zima, chomoa umeme, fungua kava, angalia vumbi. Ofisi zetu zinakaa karibu na stoo, vumbi la barabarani na la mbolea linajaa kwenye feni. Feni ya kadi ikikwama, kadi inachemka, inaanza kutoa mistari, mwisho inazima. Isafishe kwa brashi laini kavu au kwa kipulizia hewa, huku umeizuia feni isizunguke. Kadi nyingi hufufuka hapa.
3. Chomoa kadi kabisa, chomeka skrini kwenye soketi ya madabodi, washa. Picha ikija safi, mgonjwa ni kadi. Picha isipokuja, au ikija na mistari ile ile, tatizo liko kwingine: RAM, powasaplai au madabodi. Angalizo: si kila prosesa ina grafiki ndani, na kama madabodi haina soketi ya skrini kipimo hiki hakiwezekani. Hapo azima kadi inayofanya kazi ujaribie.

Hatua ya 3: Jiulize, unaihitaji kadi mpya kweli?

Hapa ndipo wengi tunachemka. Mnakumbuka ile kanuni ya Liebig tuliyoiongelea kwenye somo la mbolea? Mavuno yanazuiwa na kirutubisho kilicho kichache kuliko vyote. Ukimwaga urea wakati kinachokosekana ni fosforasi, umetupa hela. Kompyuta nayo inazuiwa na sehemu yake iliyo dhaifu kuliko zote.

Kama inaenda taratibu lakini picha ni nzima, bonyeza Ctrl, Shift na Esc kwa pamoja ukiwa katikati ya kazi, ufungue ukurasa unaoonyesha matumizi ya prosesa, RAM na diski. Kama diski iko asilimia 100 muda wote, kadi ya grafiki haitakusaidia kitu. Unahitaji SSD. Kama RAM imejaa, ongeza RAM. Kwa kazi za kumbukumbu, hesabu, barua pepe na kuchapa, grafiki iliyo ndani ya prosesa inatosha kabisa.

Na kama shida yako ni kuunganisha TV yenye HDMI kwa ajili ya mikutano, angalia nyuma ya mashine. OptiPlex 7010 ina soketi za DisplayPort, na kebo ya kutoka DisplayPort kwenda HDMI ni bei ndogo kuliko kadi yoyote.

Basi nani anahitaji kadi? Sisi tuliihitaji baadaye, kwa sababu moja. Kijana mmoja wa kikundi ana droni, anapiga picha za mashamba ya majirani na kuziunganisha kuwa ramani kwa programu ya Agisoft Metashape. Kazi ya kuunganisha picha inabeba zaidi prosesa na RAM, lakini programu hiyo inatumia pia kadi ya grafiki kwa baadhi ya hatua. Na akitaka kuzungusha ramani ya pande tatu aone mteremko na urefu wa miti, grafiki ya ndani ilikuwa inakwama kila sekunde mbili. Hiyo ni sababu halali, kwa sababu ni kazi inayoingiza hela.

Hatua ya 4: Vipimo vinne kabla ya kutoa hela

*Umeme.* Soma karatasi iliyobandikwa kwenye powasaplai, utaona wati. Sloti ya kadi kwenye madabodi, ile ndefu ya PCI Express x16, kwa kanuni inatoa hadi wati 75. Kadi inayotaka zaidi ya hapo lazima iwe na waya wake wa umeme: wa pini 6 huongeza wati 75, wa pini 8 huongeza wati 150. Kompyuta nyingi ndogo za ofisi hazina waya hizo kabisa. Kwa hiyo chukua kadi isiyo na soketi ya umeme wa ziada, na usikubali kuuziwa waya za kuungaunga. Powasaplai ikizidiwa inaweza kuondoka na madabodi.

*Nafasi.* Pima kwa rula. Boksi jembamba linataka kadi fupi, ile ya nusu urefu, pamoja na kibati chake kifupi cha nyuma. Muulize muuzaji kama kibati kifupi kipo kwenye boksi, maana bila hicho kadi haikai imara. Angalia pia unene: ya sloti moja au mbili?

*Soketi za skrini.* Skrini ya zamani ina VGA tu, na kadi mpya nyingi hazina VGA. Usije ukafunga kadi halafu ukakosa pa kuchomeka.

*Bayosi na draiva.* Mashine ya zamani yenye bayosi ya zamani wakati mwingine haiitambui kadi mpya. Sasisha bayosi kutoka tovuti ya mtengenezaji wa kompyuta, kabla hujafunga kadi. Fanya hivyo ukiwa na UPS, kwa sababu umeme ukikatika katikati ya zoezi hilo madabodi inaweza kufa. Sisi tulisubiri asubuhi, tukaazima UPS ya jirani.

Kadi zipi zinafaa mashine za namna hii?

Nitaje chache tu zinazoenda bila waya wa ziada:

- GeForce GT 1030, ya mwaka 2017. Inakula wati 30 tu, kuna za nusu urefu na sloti moja. Hii ndiyo tuliyonunua.
- GTX 1050 Ti, ya mwaka 2016. Wati 75, GB 4 za kumbukumbu. Ina nguvu zaidi, lakini inatumia kiwango chote cha sloti, kwa hiyo powasaplai lazima iwe nzima na yenye nafasi. Baadhi zimewekewa soketi ya umeme, hizo ziache.
- Radeon RX 6400, ya mwaka 2022. Wati 53. Kasoro yake ni kwamba inatumia njia nne tu za PCI Express, ikitegemea toleo la 4. Kwenye mashine ya zamani yenye toleo la 3 au la 2 inapoteza sehemu ya kasi yake.

Sasa sikilizeni kwa makini kuhusu GT 1030, maana watu wanapigwa. Zipo za aina mbili zenye jina lile lile. Ya kwanza ina kumbukumbu ya GDDR5. Mwaka 2018 ikatoka nyingine yenye DDR4, ambayo kasi ya kumbukumbu yake ni karibu theluthi tu ya ile ya kwanza. Jina moja na boksi linafanana, kama mifuko miwili ya mbolea yenye picha moja lakini namba za N, P na K ni tofauti. Soma maandishi madogo, hakikisha GDDR5.

Kuna pia kadi feki. Kadi ya zamani sana inabadilishwa programu yake ya ndani ili ijitambulishe kama GTX 1050 Ti. Ni kama ile mahindi ya chakula iliyopakwa rangi ikauzwa mbegu. Dawa yake ni programu ya bure inayoitwa GPU-Z. Mwombe muuzaji aiwashe mbele yako. Ikiigundua kadi feki, inaandika FAKE mwanzoni mwa jina la kadi. Muuzaji akikataa kuiwasha, ondoka.

Jambo la mwisho kwenye uchaguzi: muda wa draiva. GT 1030 na 1050 Ti zote ni za kizazi kimoja, na kuanzia Oktoba 2025 kizazi hicho kinapata masasisho ya usalama tu, hadi Oktoba 2028. Kwa ofisi ya shamba hiyo inatosha, lakini usilipe bei ya kitu kipya.

Hatua ya 5: Kufunga

1. Ondoa draiva ya kadi ya zamani kwenye Windows, kisha zima kompyuta.
2. Chomoa waya wa umeme ukutani. Bonyeza kitufe cha kuwashia kwa sekunde kama kumi ili umeme uliobaki uishe.
3. Gusa chuma cha boksi kabla ya kugusa kitu ndani, kuondoa umeme tuli mwilini. Usifanyie kazi hii juu ya zulia au mfuko wa nailoni.
4. Legeza kibati cha nyuma, bonyeza kile kikofia cha kufungia mwisho wa sloti, vuta kadi ya zamani taratibu kwa kuinyoosha juu. Usiitingishe kama unang'oa muhogo.
5. Chomeka kadi mpya kwenye sloti ndefu ya x16, sukuma kwa vidole gumba mpaka usikie inalia "ka". Funga kibati.
6. Chomeka waya wa skrini kwenye kadi, sio kwenye madabodi. Watu wamerudisha kadi nzima dukani kwa kusahau hili.
7. Washa. Picha ya mwanzo itakuwa kubwa na mbaya, usiogope. Pakua draiva kutoka tovuti ya mtengenezaji wa chipu, NVIDIA au AMD, ifunge, washa upya.

Ukiwasha skrini ikabaki nyeusi, zima, chomoa, chomeka kadi upya. Bado? Itoe, rudi kwenye soketi ya madabodi, uangalie suala la bayosi.

Matokeo yetu

Nisiwadanganye. GT 1030 peke yake iliondoa kukwama kwa ramani ya pande tatu, basi. Muda wa kuunganisha picha ulipungua kwa kuonekana pale tulipotoa diski ya zamani tukaweka SSD, na kupandisha RAM kutoka GB 4 hadi 16. Na kadi mpya haikuifanya mashine ikubali Windows 11, kwa sababu hapo kizuizi ni prosesa yenyewe. Windows 10 ilifikia mwisho wa msaada wake wa kawaida tarehe 14 Oktoba 2025, kwa hiyo mashine hii tumeiachia ramani na hesabu za ndani. Mambo ya benki tunafanya kwingine. Kama una mpango wa kununua kompyuta nyingine mwaka huu, tunza hela ya kadi uiongeze huko.

Ile GTX 760 ipo bado, juu ya kabati ofisini kwangu. Siiuzi. Kijana akija na wazo la kununua pampu ya inchi tatu kabla hajapima kina cha kisima chake, namwonyesha kwanza ile kadi, halafu tunatoka na kamba kwenda kupima.

Kama una mashine ya zamani na hujui pa kuanzia, niandikie jina la kompyuta, wati za powasaplai na kazi unayotaka kuifanyia. Tutaangalia pamoja kabla hujatoa hela. Wiki ijayo, Mungu akipenda, tunarudi kwenye kupogoa miparachichi. Andaeni misumeno na muisafishe kwanza.